Picha Tatu, Msaliti Mmoja

"Kahawa imemwagika. Narudia, kahawa imemwagika."

Sauti ya Kanali Dagnachew ilikwaruza sikioni mwa Yeshimebet Aragaw, jasusi wa Idara, ambaye wakati huo alikuwa ametokeza nusu mwili juu ya paa la Land Cruiser, akiupiga picha msafara wa harusi kwa Canon yake. Honi zililia. Addis Ababa nzima ilisikia, itake isitake.

Kahawa imemwagika: siri imevuja.

Siri yenyewe ilikuwa ndani ya keki. Tabaka la chini la keki ile halikuwa keki. Lilikuwa boksi, na ndani ya boksi umelala msalaba wa dhahabu wa monasteri moja ya Gondar, ukipelekwa makumbusho. Wezi wa mambo ya kale walikuwa wameukodolea macho tangu uteremke mlimani. Lakini nani atathubutu kusimamisha msafara wa harusi? Hata trafiki huupisha.

Mbali na Yeshimebet, waliojua walikuwa watatu. Kanali. Dokta Mulu wa makumbusho. Na Girum, dereva wa Land Cruiser ile. Kila mmoja alikuwa ametumiwa picha ya boksi likiwa wazi.

"Tumeinasa picha yako kwenye simu ya mnunuzi wa kigeni," Kanali akasema. "Imekatwa kona."

"Nitumie."

"Unanishuku hata mimi?"

"Wewe kwanza, Gashe, mzee wangu. Ndiyo heshima ya mkubwa."

Ukumbini, Yeshimebet alijibanza pembeni na laptopu yake, kama mpiga picha anayechagua picha. Alimshuku Kanali. Alimshuku Dokta. Alimshuku mpiga kinanda pia, kwa makosa ya sauti tu.

Msaliti alikuwa ameliona jina la studio pembeni, akalikata. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba hajawahi kupiga picha Piassa, mtaa ambao Yeshimebet alifungua studio ya kujifichia. Wateja wa Piassa hutumiwa sampuli, hukata kona yenye jina, husafisha picha kwingine na kuitundika sebuleni bila haya. Kwa hiyo wapiga picha wa Piassa wamejifunza: kona ni ya wageni. Jina huandikwa usoni mwa picha.

Kabla ya kutuma, Yeshimebet alikuwa amefungua programu ya kuhariri, akaongeza tabaka la maandishi, akaandika jina la mpokeaji. Akalilaza mshazari, akalirudia kwenye picha nzima, kisha akalififisha mpaka likawa kama pumzi juu ya kioo. Picha tatu, kila moja na jina lake.

Sasa akaifungua picha aliyotumiwa na Kanali, akaishusha nuru. Akakoleza vivuli.

Juu ya dhahabu, herufi zikaibuka.

Girum. Girum. Girum.

Akainua macho.

Girum alikuwa mezani, kando ya bibi kizee, nyanya yake bibi harusi, anacheka. Simu iko mbele ya sahani. Koti limevimba umbo la bastola ya Beretta.

"Dada Yeshi! Njoo ule bwana, mashine hailiwi!"

"Ni dereva," Yeshimebet alinong'ona kwenye maikrofoni ya kolani.

"Mungu wangu!" Kanali akajibu sikioni. "Nje ya lango kuna lori la maji ya chupa. Watu wanne wenye bunduki. Wanangoja neno lake wavamie. Nipe muda niwazunguke. Asiongee!"

Simu ya Girum ikaita.

Kuipokonya? Bastola ingejibu, na ukumbi umejaa watoto. Yeshimebet akafika mezani, akakata mkate wa injera, akaukunja na mchuzi mzito wa kuku. Juu akaweka yai zima.

"Girumiye! Gursha!"

Tonge la upendo, mtu analishwa mdomoni. Kulikataa ni tusi. Kulitema ni laana.

"Ha—" Girum alianza kuiambia simu.

Tonge likaingia.

"Halo?" simu ikauliza. "Twende?"

"Mmmf!"

"Tonge moja tu huleta ugomvi!" bibi akapiga kelele, vidole vyake tayari vimejaa. "Pokea la pili, mwanangu. Umekonda!"

La pili likaingia. Bibi akaanza kukunja la tatu.

Angeweza kutema. Alikuwa mtu aliyekubali kuuza msalaba wa mababu zake. Lakini kutema tonge la bibi kizee, mbele ya wazee? Hapana. Kila uovu una mpaka. Girum akatafuna, machozi yakimtoka.

"Girum, unakula?! TWENDE AU TUSIENDE?"

Kisha mle simuni: "Mikono juu!" Ilikuwa sauti ya Kanali.

Girum akameza. Beretta yake, iliyochomolewa kotini wakati akitafuna, ilikuwa tayari mkononi mwa Yeshimebet, chini ya kitambaa cha meza, imeelekezwa kitovuni mwake.

"Nilikata kona," Girum akasema.

"Niliona. Futa mdomo, wakubwa wanakutazama."

Vijana wawili wenye suti wakamsindikiza nje kwa adabu, kama aliyelewa.

Yeshimebet akainua matabaka ya juu ya keki, akayaweka mezani, akalibeba la chini kuelekea mlango wa pembeni, alikokuwa akisubiri Dokta Mulu.

"We mpiga picha! Keki yangu unaipeleka wapi?" bibi harusi alimaka.

"Makumbusho, mpenzi."

Ukumbi mzima ukacheka, vigelegele vikapaa. Yeshimebet akavaa miwani ya jua na kutoka, krimu ikiwa imemganda kiwikoni.