Bei Aliyoona Haya Kuitaja

Karibu kila jioni, majirani wa Kalundu, kando ya ziwa, walisikia jenereta ya Osée. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na mashini ndogo ya kuchonga. Kompyuta iliiongoza, na kisu chembamba kilizunguka na kuandika majina kwenye vipande vya mti wa libuyu. Mchana Osée alitengeneza redio na simu. Mashini aliipenda tu.

Alikuwa na mazoea yake. Akisikia kuna harusi au ubatizo, alichonga jina la mwenye sherehe bila kuombwa. Kisha alimpelekea.

"Osée! Mikono yako iko na baraka!" watu walisema. "Mungu akulipe."

Osée alitabasamu. Kutaja bei aliona haya. Siku moja watarudisha, alijiambia. Nyumbani alimwambia mke wake, Naomie, "Biashara iko inatembea."

Naomie aliuza ndagala, dagaa wa ziwani. Pesa ya kununulia samaki aliifunga kwenye kitambaa. Asubuhi moja alirudi kutoka ufukweni na beseni tupu.

"Baba Vainqueur," alimwita mumewe kwa jina la mtoto wao, "nani alifungua kitambaa changu?"

Osée alitazama chini. "Ni miye. Nilinunua esansi, mafuta ya jenereta. Nilitaka kurudisha kabla hujajua."

"Wavuvi walishanipimia samaki. Nikafungua kitambaa mbele yao, pesa haitoshi. Mmoja akasema, 'Mama, weye unakuja kununua ao kuangalia?' Wote wakacheka."

Osée alilichukua beseni tupu, akaliegemeza ukutani.

Jioni hiyo hakuwasha jenereta. Alienda kwa jirani yake Donatien, seremala, aliyekuwa akimpa mabaki ya libuyu.

"Yaya," alimwita kwa heshima, kama kaka mkubwa, "mashini iko inanila. Niiuze?"

Donatien hakumcheka. "Kwanza niambie. Kibao kimoja kinakula nini?"

"Mti, weye unanipa bure."

"Leo bure. Kesho je? Na esansi? Na kisu kikivunjika? Na vibao vinavyoharibika? Na saa ambazo ungetengeneza redio ya mtu?"

Osée alianza kuhesabu kwa vidole. Hakuwahi kujumlisha.

"Jumlisha yote, kisha ongeza faida yako," Donatien alisema. "Hiyo ndiyo bei. Na usichonge kabla ya kuombwa. Mtu aagize, atangulize nusu, ndipo uwashe mashini. Akikataa bei, hujachoma esansi."

"Na wasipoagiza?"

"Tafuta kitu cha kumsaidia mtu katika kazi yake. Mama Consolée anapika sabuni. Kila kipande anakiandika alama kwa ncha ya kisu. Muulize kama anataka muhuri wa mti."

"Yaya, itatosha kulisha nyumba?"

"Peke yake? Hapana, sitakudanganya. Redio ndizo zinakulisha. Hii itasaidia, ukiipa adabu."

Kesho yake Osée alisimama mbele ya sufuria ya Consolée. Alieleza muhuri. Kisha akataja bei, huku akiangalia miguu yake.

Consolée aliweka mwiko chini. "Kumbe weye unauza?" Akacheka mpaka akashika kiuno. "Sisi tulifikiri unatoa sadaka! Wengi tulitaka kuagiza. Tuliona haya kukuomba tena vya bure."

Alitoa nusu palepale.

Muhuri ulitoka vizuri. Wapika sabuni wengine walipouona, nao waliagiza. Osée alichonga mchana, umeme ulipokuwapo, na jenereta ilinyamaza. Kulikuwa na wiki ambazo hakuna aliyeagiza. Basi mashini ililala chini ya kitambaa, naye akatengeneza redio.

Pesa ya kwanza alimrudishia Naomie. Kisha alimsindikiza ufukweni, akambebea beseni. Mbele ya wavuvi alisema, "Siku ile kosa lilikuwa langu. Mama huyu pesa yake ilikuwa kamili."

Hakuna aliyecheka. Mvuvi mmoja alijaza beseni, akaongeza kiganja cha ndagala juu.

Waliporudi, Osée alitoa mfukoni kibao kidogo chenye tundu la kamba, cha kufunga kwenye beseni. Kiliandikwa: *Ndagala za Mama Naomie*.

Naomie alikigeuza mkononi. "Mimi sikuagiza," alisema. "Bei gani?"

Osée alitazama chini tena.

"Hiki ulishakilipa siku ile, mbele ya wavuvi."