Majani Yaliyokatwa kwa Mkasi

Kila alasiri, akishavua sare na kufua soksi zake, msichana mmoja wa darasa la sita alimbebea babu yake kigoda hadi nyuma ya ghala la mbao. Babu alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini. Macho yalipoanza kukataa tundu la sindano, aliuza cherehani, akanunua kamera ya mtumba. Sasa, na mvi zake zote, hakuwa na jingine ila kupiga picha za ndege.

"Mzee, siku hizi unawapima ndege suruali?" fundi viatu wa jirani alimtania.

"Angalau wao hawalalamiki kiuno kinabana kama wewe," babu alijibu. Kisha akamwambia mjukuu wake, "Miaka yote niliinamia vitambaa. Sikujua huku juu kuna nini."

Kichakani nyuma ya ghala, chiriku alikuwa na makinda watatu. Wiki mbili babu alimvizia akiwalisha, lakini kila picha ilizibwa na majani. Na maktaba ilitaka picha za kutundika ukutani, mwisho wa kuzipokea ni Ijumaa.

"Tuyakate tu, Babu."

"Thubutu! Hayo ndiyo mapazia yao. Picha ikikosekana, basi."

Jumatano babu alikwenda hospitali kupimwa macho. Msichana alimwonea huruma mzee wake. Akachukua mkasi wa zamani wa babu wa kukatia vitambaa, akaenda kichakani, akakata chap chap, akarudi.

Alhamisi babu akaipata picha yake: mama chiriku ameinama, midomo mitatu imeachama mbele yake. Mzee nusura acheze.

"Umeona? Upepo umetufungulia pazia!"

Msichana aliinamisha uso. "Ndiyo, Babu. Jana ulivuma sana."

Ijumaa asubuhi, wakielekea maktaba, walipita kuwaaga makinda. Kiota kilikuwa kitupu, kimening'inia upande. Kunguru alikuwa juu ya paa la ghala, anapangusa mdomo. Mama chiriku aliruka huku na huku, chakula bado kiko mdomoni.

Babu aliwasha kamera, akaikuza ile picha.

"Upepo hurarua," alisema polepole. "Jani hili limenyooka kama pindo. Na hapa katikati pana kijino. Mkasi wangu una pengo hapo hapo."

Msichana akaangua kilio. "Nilitaka picha yako itundikwe, Babu! Fundi viatu asikucheke tena."

"Najua. Ulikata kwa kunipenda, na hilo nimeshakusamehe." Babu alizima kamera. "Lakini jana nilisema ni upepo, nawe ukaitikia. Ungesema kweli, tungewafunika kwa matawi mengine kabla jua halijazama. Jana walikuwa hai."

Wakageuka kurudi nyumbani. Fundi viatu aliwaona, akapaza sauti, "Vipi, mpiga picha? Tuje lini maktaba kushangilia?"

Msichana alifuta pua kwa mkono wa sare, akasimama mbele ya meza ya viatu.

"Picha haikupelekwa," alisema. "Nilikata majani, nikadanganya kwamba ni upepo. Makinda wameliwa."

Fundi viatu aliweka nyundo chini. Hakucheka.

Babu alimshika mjukuu wake bega. "Umesema vizuri, bila kuulizwa mara mbili," alisema. "Kweli hiyo hiyo ndiyo niliyoihitaji jana."