Karani wa Dirisha la Pili

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2087. Asubuhi hiyo jiji la Mbeya liliamkia ukungu mzito ulioteremka kutoka mlima Loleza, na baridi iliwafanya watu waliopanga foleni mbele ya Jumba la Maigizo la Isanga wapulizie viganja vyao. Walikuwa wamekuja kumwona Kapteni Malugo akifa kwa mara ya mia mbili.

Kapteni Malugo hakuwa binadamu. Alikuwa mtu-nuru, yaani sura iliyofumwa kwa mwanga, inayotembea na kusema jukwaani kama mwigizaji mwenye damu na nyama. Katika mchezo huo aliufunga mto ili mashamba yake yanywe, na vijiji vitatu vikafa kwa kiu. Hata hivyo, alipopigwa risasi katika sehemu ya mwisho, ukumbi mzima ulilia. Akina mama walijifuta machozi kwa ncha za vitenge vilivyochapwa picha yake.

Nyuma ya pazia, katika chumba cha mitambo, Mhandisi Subilaga Mwambene alikuwa akitazama kipimamvuto. Mashine hiyo aliibuni yeye mwenyewe. Kila kiti ukumbini kilifunikwa utando mwembamba uliosoma mapigo ya moyo, jasho na pumzi ya aliyekikalia. Kipimamvuto kilikusanya yote hayo na kuwarekebisha watu-nuru papo hapo. Watazamaji wakichoka, Kapteni alitoa utani. Wakianza kumwogopa kupita kiasi, alisimama kidogo kwenye kaburi la mdogo wake.

"Tisini na sita!" alisema Gwamaka, mkurugenzi wa jumba, akiugonga kwa ukucha mshale wa Kapteni kwenye kipimamvuto. "Ameua vijiji vitatu, na wanampenda kuliko wachumba wao."

"Ni kwa sababu vijiji hatukuvionyesha," alijibu Subilaga. "Tumeonyesha koti lake, utani wake na kaburi la mdogo wake. Wale waliokufa kwa kiu wametajwa tu."

"Na wewe acha kuhubiri. Karani yukoje?"

Mshale wa pili ulikuwa umelala kabisa upande wa chuki. Huyo alikuwa Karani wa Dirisha la Pili. Katika mchezo hakuua mtu. Alikaa kwenye dirisha la zahanati, akapokea kadi za wagonjwa, akakohoa mara mbili na kusema, "Haijasomeka. Rudi kesho." Kisha alijifuta kidole kwenye sketi, kana kwamba kadi ya maskini imemchafua. Hapo watu walizomea. Wiki iliyotangulia mzee mmoja alimrushia kiatu. Kilipita katikati ya mwili wake wa mwanga na kuvunja taa.

Subilaga alikuwa ameielewa sababu muda mrefu. Mtazamaji husamehe dhambi ambayo haijawahi kumpata. Katika ukumbi ule hakuna aliyewahi kufungiwa mto na kapteni mwenye koti zuri, lakini kila mmoja alikuwa amewahi kusimama mbele ya dirisha na kudharauliwa. Muuaji alikuwa hadithi kwao. Karani walimfahamu.

Jambo ambalo hakumwambia mtu ni jinsi karani huyo alivyopatikana. Karani wa kwanza kufumwa alikuwa baridi. Watu walipiga miayo, na Gwamaka akadai chumvi zaidi. Sheria ya jumba ilikataza kufuma mtu-nuru kutokana na mtu aliye hai, na Subilaga aliitia sahihi sheria hiyo. Lakini miaka tisa nyuma, mama yake, Atuganile, alirudishwa mara mbili kwenye dirisha la zahanati ya mtaa. Siku ya tatu hakuweza kuinuka, na siku ya tano alizikwa. Daktari alisema huenda hata dawa isingemwokoa. Subilaga hakuyapokea maneno hayo. Basi Gwamaka alipodai chumvi, alikaa mbele ya mashine na kuilisha kikohozi, sauti na kidole cha Tusekile Mwasomola, karani halisi wa dirisha lile. Alijiambia kwamba amechukua vitu vitatu tu.

Mtaa wa Isanga ulimtambua Tusekile siku ya kwanza ya maonyesho. Watoto walimfuata wakiimba "Rudi kesho!" Muuza nyanya aliitazama sarafu yake na kusema, "Haijasomeka, mama," na wanunuzi wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kanisani benchi lake likabaki na mtu mmoja. Sasa Subilaga, kama wanachama wengine, alikuwa amepata barua: Jumapili, baada ya ibada, Kikundi cha Kuzikana kingejadili kulifuta jina lake.

Hilo halikuwa jambo dogo. Mwaka huo mashine zilichimba barabara na kusonga ugali, lakini hakuna mtu wa Isanga aliyekubali kwa hiari yake kuzikwa na mashine. Asiye na kikundi alichukuliwa na kizikio, gari la jiji lisilo na dereva, ambalo humshusha maiti na kumfukia kwa dakika nne bila wimbo wala jina.

"Mtoe Karani kwenye mchezo," Subilaga alimwambia Gwamaka.

"Nikimtoa, Kapteni ataanguka. Anayependwa anahitaji wa kuchukiwa pembeni yake. Si wewe uliyenifundisha hayo, dada?"

Subilaga alirudi nyumbani akapiga magoti. "Bwana, unajua alichomfanyia mama yangu," alisema, na hakupata sentensi ya pili.

Kesho yake wanachama sitini walikaa katika ukumbi wa kanisa. Mwenyekiti, Mzee Asangwile, alisimama akiwa ameshika kofia mkononi.

"Mimi sina kesi na mama huyu. Ila wanachama wanasema mikono yao haitamwinua."

"Arudi kesho!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma, na kicheko kikaenea.

Tusekile alisimama. Alikuwa mwembamba, mwenye miaka sitini na minane. Alikohoa mara mbili, na watu wakacheka kabla hajasema neno.

"Nimepika kwenye misiba yenu," alisema. "Nimelala chini kwenye baridi. Nimeosha maiti ambazo watoto wao waliogopa kuzigusa. Nani kati yenu nimemuua?"

"Hujaua, mama," alisema mwanamke aliyevaa kitenge cha Kapteni. "Ila una roho mbaya. Tumeiona wote."

"Mmeiona wapi?"

"Si kule jumbani!"

"Na huyo uliyemfunga kiunoni ameua wangapi?"

"Aa, Kapteni! Kapteni ana sababu zake." Watu wakacheka tena, safari hii kwa upole, kama wanaomtaja ndugu aliye safarini.

Subilaga aliinuka.

"Yule wa jumbani nilimfuma mimi," alisema. "Nilichukua kikohozi cha mama huyu na kidole chake. Ni kweli alimrudisha mama yangu mara mbili. Lakini kuosha maiti sikukuweka. Kungeshusha mshale wa chuki."

Mzee Asangwile alimkazia macho. "Mhandisi, unamtetea aliyemrudisha mama yako dirishani?"

Tusekile aligeuka akamtazama Subilaga kuanzia viatu hadi kichwani.

"Mama yako ni nani?"

"Atuganile Mwambene."

"Simkumbuki. Walikuwa wengi. Kadi ikikataa inakataa, ningefanya nini? Na wewe usinionee huruma. Sikukuita."

"Mnaona?" mwanamke wa kitenge alisema kwa furaha. "Mnaona wenyewe!"

Subilaga aliona. Kifua kilimwaka. Laiti angekuwa amekalia kiti cha jumbani wakati ule, mshale ungevunjika. Alitamani mama huyu alie, aombe radhi, ataje jina la Atuganile kwa heshima, ili iwe rahisi kumpenda. Ndipo akatambua kwamba alikuwa akimtaka Tusekile ajifanyie kile ambacho mashine ilimfanyia Kapteni kila siku. Na Tusekile hakuwa na kaburi la mdogo wake la kuwaonyesha watu.

"Wanaotaka jina lifutwe, wainue mikono," alisema Mzee Asangwile.

Mikono iliinuka, mingine haraka, mingine baada ya kutazama ya jirani. Haikuhitajika kuhesabiwa. Katibu alipiga mstari kwenye daftari. Tusekile alikaa polepole, akaweka mkoba wake magotini na kuushika kwa mikono yote miwili.

"Mzee, katibu asifunge daftari," alisema Subilaga.

"Una neno gani tena? Kikundi kimeamua."

"Neno langu si la kikundi. Liandikwe tu, na ninyi nyote mlisikie." Alivuta pumzi. "Mimi Subilaga, binti wa Atuganile, nasema mbele ya Mungu na mbele yenu. Mama huyu sijamsamehe. Nimejaribu jana na leo, sijaweza. Lakini siku atakayokufa, nitamwosha kwa mikono yangu, nitamwimbia hata nikiwa peke yangu, na asipotokea mtu wa kuchimba, nitachimba mwenyewe. Kizikio hakitamgusa."