Mkono wa Bibi Arusi

Picha ilikwisha kupigwa, lakini mkono wa Barka haukushuka.

"Basi, dada, pumzika," Esha alimwambia mkubwa wake. Barka aliketi vile vile juu ya kitanda, mkono wa kulia mbele, vidole vimekunjika kidogo. Ikabidi Esha aushushe mwenyewe. Ulikuwa baridi, tena mzito, mfano wa kitu kinachovutwa upande wa pili.

Abdulghafur, mpiga picha wa Mombasa, hakuona kitu. Alikuwa amepanga nyumba tupu mtaa wa Mkomani, kisiwani Amu, apige picha za kadi za posta, Wazungu wa meli wazinunue, na safari hii alitaka bibi arusi wa Amu. Waungwana hawakumwonyesha hata kisigino cha binti zao, ndipo akamwendea Barka, aliyekuwa mtumwa mpaka juzijuzi sheria ilipowaacha huru. Abdulghafur kazi yake aliijua, tusimnyime haki yake. Mtu ukimwambia tu "kaa hivi," alisema, atakaa kama gunia. Lazima mwili wenyewe uamini. Basi Barka akatiwa hina ya kweli, akafukizwa udi wa kweli, akavikwa asumini.

"Shusha bega. Kidevu juu kidogo. Sasa mumeo anaingia, mpe mkono. Mngojee."

Mgeni angesamehewa, lakini mtoto wa pwani alisahauje? Bibi arusi hutoa mkono kwa mumewe tu, na kuutoa ndiko kukubali. Na nyumba iliyofungwa miaka haikosi mwenyewe.

Barka hakuwahi kuolewa. Mama yao alipokufa alimlea Esha, akamsuka nywele za arusi kwa mikono yake, akamwoza, kisha akarudi jikoni kwa mabwana zake. Siku ile ya picha, Esha alipouona uso wa dada yake unavyong'aa, alifurahi hadi machozi yakamtoka.

Tangu hapo nyumba ya Esha, alikohamia Barka baada ya kuwa huru, ilinuka udi ambao hakuna aliyeuwasha. Mchana kweupe, akipepeta mchele, alisikia mitawanda ya mwanamume, vile viatu vya mti, ikigonga sakafu, ko, ko, hadi mlango wa chumba cha Barka, ikavuliwa hapo, kisha ikaja sauti ya dada yake, ya chini, ya mke anayezungumza na mumewe, na Esha alipousukuma mlango huku anajisomea Ayatul Kursi, alimkuta Barka peke yake, mkono umenyooka, midomo imekauka kwa kutokula, na chini, kwenye vumbi la chokaa, nyayo mbili tupu zimemwelekea.

"Dada, wafa," alinong'ona. "Ni nani hoyo?"

"Mume wangu. Usipige kelele, melala."

Esha alimkimbilia Bi Mwanamkisi, mganga wa majini, na Abdulghafur naye akaitwa. Alipouona mkono alioupanga mwenyewe, kila kidole mahali pake, alianza kulia.

"Ulimuoza kwa jini wa nyumba ile, mwanangu," mganga alimwambia polepole. "Huyu hafukuzwi. Huombwa talaka."

Akafukiza, akasoma, akamwosha Barka ile hina kwa maji ya kombe, yaliyooshea aya zilizoandikwa kwenye sahani. "Muwate, mpe talaka yake," akamwambia jini. "Hali, hanywi. Ikiwa wampenda, muwate."

Kisha sauti nzito ikatoka kinywani mwa Barka, na ilikuwa na huzuni zaidi kuliko hasira.

"Nimemuwata."

Mkono ukaanguka mapajani.

Esha alimkumbatia dada yake, akamshukuru Mungu kwa sauti. Barka akanywa uji kidogo kidogo, akamtambua kila mtu. Halafu akajifunika leso kichwani, uso asionekane.

"Esha, nitungikie pazia hapo mlangoni," alisema. "Mwanamke alowatwa hukaa eda."

Esha alimtazama Bi Mwanamkisi. Mganga aliinamisha kichwa tu. Uhai wa dada yake alikuwa ameupata, na arusi ya pekee ya dada huyo ndiyo aliyoivunja kwa ajili hiyo. Akainuka, akatafuta pazia, akalitungika.