Koti Lililoonekana kwa Ndani

Jumatatu, saa nne asubuhi, mama yake Mwalimu alirudi kutoka kazini na aproni yake imekunjwa ndani ya mfuko, akapita na viatu juu ya sakafu iliyokuwa ikipigwa deki, akaketi. Binti yake alisimama na fagio la deki mkononi. Tangu azaliwe hakuwahi kumwona mama akikanyaga sakafu mbichi.

“Wanasema nimeiba koti,” mama akasema.

“Nani anasema?”

“Barua. Imetoka kwa ndugu wa mwenye koti. Mwenyewe yuko safarini, simu yake haipatikani. Meneja hakunisomea. Kaniambia tu koti jeusi halionekani, nikae nyumbani mpaka Ijumaa saa tatu, kikao kiamue. Nikishindwa kujieleza, kazi sina, na jina langu linakwenda polisi.”

“Koti lenyewe unalijua?”

“Nililipokea kwa mikono hii. Likafuliwa, likapita kwenye pasi. Kwenye henga za nguo zilizo tayari halipo.”

Mama alikuwa msimamizi wa mapokezi ya kwa dobi, jumba kubwa la kufulia nguo lenye wafanyakazi tele na kelele za mashine kutwa nzima. Alikuwa mkali wa ulimi, lakini hata adui zake walikubali kwamba mkono wake hauna doa. Nani angemwajiri mwanamke wa umri ule, tena aliyefukuzwa kwa wizi?

Binti aliitwa Mwalimu ingawa hakuwa na kazi ya ualimu wala ya namna yoyote. Alihitimu chuo mwaka uliotangulia, na wakati akisubiri majibu ya maombi yake, alifundisha watu wazima bure kila jioni katika ukumbi wa vijana: namna ya kuandika barua ya malalamiko ikasikilizwa, na barua ya kuomba kazi ikasomwa mpaka mwisho. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba barua nzuri hubisha hodi kwenye milango ambayo mnyonge hafunguliwi.

Mchana uleule alikwenda kwa meneja, mtu mwenye haki kwa kiasi chake, ila mwoga wa kitu chochote kilichoandikwa vizuri.

“Isome hapahapa mbele yangu,” meneja akamwambia, akamsogezea karatasi iliyopigwa chapa, isiyo na namba ya simu.

Ilisema hivi: “Naomba msimamizi wenu wa mapokezi aondolewe kazini, na koti la ndugu yangu lirudishwe. Ni koti jeusi la sufu. Bitana yake ya kijivu imefumuka kwapa la kushoto ikashonwa kwa uzi wa bluu, na mfuko wa ndani umetoboka. Alhamisi iliyopita, saa kumi jioni, nilimwona msimamizi akimkabidhi mwanamke mmoja koti hilo kwenye mlango wa nyuma, bila risiti. Nisipopata jibu, nitalifikisha jambo hili panapohusika.”

Mwalimu aliisoma mara mbili. Mara ya pili masikio yake yalipata moto. Watu wenye uchungu huanza barua kwa kilio. Husimulia tangu jogoo wa kwanza alipowika. Yeye ndiye aliyekuwa akiwapigia wanafunzi wake kelele kila jioni: anza na unachotaka, kilio kije baadaye. Kisha taja tukio, mahali na saa. Kisha sema utafanya nini usipojibiwa. Yote yalikuwamo, yamepangika kama vyombo kabatini.

“Sijapata kusoma lalamiko zuri kama hili,” meneja akasema. “Ndiyo maana nikaliamini.”

“Nani mwingine amelisoma?”

“Mimi, na sasa wewe. Wafanyakazi nimewaambia koti limepotea, basi.”

Alitoka pale akitembea upesi. Kisu alikinoa mwenyewe, bure, kwa moyo mweupe, na mtu amekipitisha shingoni mwa mama yake. Alijiapia njiani kwamba mtu huyo hatamwonea huruma hata akilia machozi ya damu.

Hata hivyo hakutaka kumkamata asiyehusika. Alianza na mteja aliyejulikana kama Mama Miwani, mwenye saluni, ambaye mwezi uliopita aliapa mbele ya foleni nzima kwamba atahakikisha mama anafukuzwa.

“Mimi niandike?” Mama Miwani alicheka huku akisuka. “Mwanangu, mimi nikikasirika nabeba mdomo wangu nakuja nao. Karatasi haina sauti.”

“Lakini uliapa.”

“Niliapa, nikala, nikalala, nikasahau. Ila usiondoke, maana leo umenikumbusha. Tazama gauni langu nililochukua Jumamosi.” Akalitoa ukutani na kuligeuza. “Mgongoni hapo. Mstari wote huo, kama limelaliwa na mbwa. Na hili ni la pili. Kule wanapiga pasi au wanapiga porojo?”

Mwalimu aliutazama mstari ule kwa adabu. Ulikuwa umenyooka, halafu ukapinda kona, kama ukingo wa kitu kilichokunjwa. Aliomba radhi kwa niaba ya mama yake, akaaga.

Jumanne alimfuata dereva wa kusambaza nguo, ambaye kwa mwendo wake walimwita Kobe. Huyu alikuwa na sababu mbili za kushukiwa: mama alimshtaki kwa kuchelewa, naye alikuwa mwanafunzi wa ukumbini, kiti cha nyuma kabisa. Alimkuta ameegemea gari, anakula karanga.

“Kobe, nikuulize bila kuzunguka. Uliandika barua kumhusu mama?”

“Mwalimu wangu, ile ya mazoezi uliyotupa tangu wiki ya kwanza nimeandika ‘Ndugu’ nikachoka. Hiyo nyingine ningeiandika na nguvu za nani?”

“Alikusemea kwa meneja.”

“Alinisemea, kweli. Na nilichelewa, kweli. Sasa nimkasirikie yeye au saa?”

“Koti jeusi lililopotea unalikumbuka?”

“La yule wa geti la kijani, mwenye mbwa wawili wasio na adabu? Nililibeba mimi kulileta kufuliwa.”

“Lilikuwaje?”

Kobe alitafuna akifikiri. “Lilikuwa jeusi. Usiniulize zaidi. Mimi nguo nazijua kwa mageti.”

Jibu lile lilimganda Mwalimu akilini. Jioni, wakati mama akichambua mchele bila kuuona, alimuuliza swali lilelile.

“Jeusi,” mama akasema, “kola ya mahameli, kifungo cha pili kimepasuka, na doa la nta kwenye mkono wa kulia.”

“Na bitana?”

“Bitana ya nini? Sisi wa mapokezi tunakagua nje, mteja asije akasema tumemharibia. Ndani hapatuhusu.”

Mwalimu aliinua uso. Ndugu wa mwenye koti angetaja kola ya mahameli kabla ya kitu kingine chochote. Hata kipofu angeipapasa. Lakini aliyeandika barua ile hakutaja kola wala kifungo. Alilijua koti kwa kwapa, uzi na mfuko, kama mtu aliyekutana nalo likiwa limegeuzwa.

“Mama, nani kule kazini hugeuza nguo ndani nje?”

“Wapiga pasi. Sufu nyeusi hupigiwa pasi kwa ndani, vinginevyo inang’aa kama kiatu. Na makoti hapewi mtu mwingine ila Mamdogo wako.”

Mama aliendelea kuchambua mchele. Mamdogo hakuwa ndugu wa damu, lakini Jumapili ngapi alikula kwao, na mama alimwita mdogo wangu mbele ya kila mtu. Ukumbini alikaa kiti cha mbele, na hakuna aliyemaliza mazoezi kabla yake. Kuujua uzi wa bluu hakukutosha kumhukumu. Alihitaji ulimi wa Mamdogo umsemee mwenyewe.

Ulimi ulikuja wenyewe. Alhamisi, darasa lilipokwisha na watu kuondoka, Mamdogo alibaki akikunjua karatasi.

“Mwalimu, usinielewe vibaya,” akasema akitazama chini. “Kiti cha mama yako hakiwezi kukaa wazi. Kama si mimi, atakikalia mtu baki. Si afadhali kibaki nyumbani? Hebu nisahihishie.”

Ilikuwa barua ya kuomba nafasi ya msimamizi wa mapokezi. Mwalimu alisoma kwa mwendo wa mtu anayesahihisha, kalamu mkononi. Alikuwa amewafundisha kwamba mwajiri ana kidonda chake, na mwombaji mwerevu hukitafuta akakitia dawa. Mamdogo alifuata somo: “Nitahakikisha hakuna nguo inayokabidhiwa mtu kwenye mlango wa nyuma bila risiti.”

Mlango wa nyuma. Kidonda kile hakikuwepo mahali popote duniani ila katika karatasi moja iliyofungiwa mezani kwa meneja.

Sauti yake ikabaki tulivu. “Ni barua nzuri, Mamdogo.”

“Kweli?”

“Hapa kwenye mlango wa nyuma pana nguvu. Ongeza mfano. Mwajiri akiona mfano, anaona kuwa unajua unachosema.”

Mamdogo aliinama akaandika kwa mwandiko wake mzuri: “Yaani lisitokee tena kama la koti jeusi, Alhamisi ile saa kumi jioni.” Mwalimu alimwelekeza hata pa kutia sahihi. Alimwambia aipeleke kesho mapema, kabla ya kikao, kwa mkono wake mwenyewe. Mamdogo alimshika mashavu, akamwombea kazi nzuri. Mwalimu aliitikia amina, na utamu alioupata kinywani ulimtisha kidogo, lakini hakuutema.

Ijumaa saa tatu, kwa ombi lake, kikao kilifanyika katika chumba cha pasi. Walikuwepo meneja, mama akiwa na mkoba wake magotini, Kobe, na Mamdogo nyuma ya meza yake.

“Naomba meneja atusomee barua mbili,” Mwalimu akasema. “Ya lalamiko, na ya maombi iliyoletwa leo asubuhi.”

Meneja alisoma ya kwanza. Mama alishika mdomo aliposikia habari za mlango wa nyuma. Alisoma ya pili, na alipofika kwenye mfano sauti yake ikapungua, akarudi nyuma, akausoma tena.

“Mamdogo,” Mwalimu akauliza, “habari za saa kumi na mlango wa nyuma ulizipata wapi?”

“Watu walisema.”

“Mtu gani?”

“Kobe alisema.”

“Mimi?” Kobe akasema. “Mimi hata mlango wa mbele nachelewa kuufikia.”

“Wafanyakazi wote niliwaambia koti limepotea, basi,” meneja akasema polepole. “Hata mwenyewe anayetuhumiwa sikumsomea barua.”

“Ndiyo nasikia sasa,” mama akasema.

“Mnanionea,” Mamdogo akasema. “Mtu kulijua jambo si wizi. Koti liko wapi? Nimelivaa? Getini tunapekuliwa mifuko kila tukitoka.”

“Ndiyo maana halikutoka,” Mwalimu akasema. “Tangu wiki iliyopita kuna nguo zinatoka hapa na mstari mgongoni, umenyooka halafu unapinda kona. Meneja, gauni la Mama Miwani lilipigwa pasi meza gani?”

Meneja hakuwa na haja ya kujibu, kwa kuwa macho yote yalikwisha kwenda. Meza za pasi huvishwa mablanketi mazito chini ya shuka, na ya Mamdogo ilikuwa imevimba katikati. Kobe, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, aliwahi kufika. Alifunua shuka, akafunua blanketi la juu, akavuta. Kola ya mahameli ilitangulia. Mwalimu aligeuza kwapa la kushoto: uzi wa bluu.

Mashine za chumba cha pili ziliendelea kunguruma. Mama ndiye aliyesema kwanza, tena kwa upole uliomshangaza kila mtu.

“Mdogo wangu, nilikukosea nini?”

“Hukumbuki.” Mamdogo alimtazama mama usoni. “Mwaka jana nilipoomba nafasi ya kukusaidia mapokezi, uliichana barua yangu mbele ya wote. Ukasema, mkono wa pasi haushiki kalamu. Wakacheka. Jumapili nilikuja kwako nikala, kila tonge nikilimeza na maneno hayo. Nikasema sawa, nitajifunza kuishika. Na nitafundishwa na mwanao.”

Mwalimu alimgeukia mama yake akitarajia akane. Mama alitazama mkoba wake.

“Nilisema,” akakiri.

Meneja alikohoa. Alisema kazi ya mama ipo, aanze siku hiyohiyo. Kazi ya Mamdogo imekwisha. Na la polisi atalifikiria.

“Kabla hajaondoka,” Mwalimu akasema, “aandike barua ya kumsafisha mama. Isomwe mapokezi, mbele ya wateja.” Akaweka karatasi juu ya meza iliyofunuliwa, akavuta kiti.

Mamdogo alikaa. Kalamu ilichukua muda kugusa karatasi. Machozi yalidondoka, wino ukatapakaa, naye akaandika mstari mmoja, akasimama hapo. Mwalimu aliusoma juu ya bega lake: “Naomba dada yangu anisamehe.”

Alianza na anachotaka, kama alivyofundishwa. Kobe aligeukia dirishani. Mwalimu alihisi kitu kikimlegea kifuani; akamkumbuka mama alivyopita na viatu juu ya sakafu mbichi, na kikakaza.

“Futa,” akasema. “Omba unachoweza kupewa.”

Mamdogo aliinua uso akamtazama mama, akisubiri. Mama alikuwa amesimama, anafunga kamba za aproni kiunoni, taratibu. Akazifunga mara mbili, akatoka kwenda mapokezi.

Mamdogo akavuta karatasi mpya.