Mtaro wa Nyaya za Simu

Haya yalimpata rafiki yangu Elisaria, aliyesimamia uchimbaji wa mitaro ya nyaya za simu Kariakoo, enzi za Mwingereza. Kanuni ilikataza mtu kushuka mtaroni kabla kuta hazijazuiwa kwa mbao.

“Bwana, mbao bado,” alisema Pazi, mchimbaji.

“Unaogopa mchanga, nawe siku moja utazikwa humo humo? Shuka.” Elisaria akamchapa kiboko mgongoni.

Ole wake amwoneaye maskini. Pazi aliposhuka, peke yake, ukuta ulimwangukia. Gizani, chini ya udongo, ilisikika mifupa ikivunjika, kisha vilio vya watu wawili. Elisaria alifukua kwa kucha mpaka zikang’oka. Pazi, Mungu amrehemu, alikuwa maiti. Kiganjani ameshika mkono wa mtu, ulionyofolewa begani, ungali na joto. Wachimbaji wengine wote walisimama juu, kila mmoja na mikono yake miwili.