Funguo za Murdo

Haya yalimfika rafiki yangu Ishbel, mama wa sala asiyejua kutia chumvi. Baada ya kumzika mumewe Murdo, aliyekuwa mlinzi wa kasri la kale la Linlithgow, ambalo wageni hulitembelea mchana, alikwenda kurudisha funguo zake. Siku zile alikuwa akimwomba Mungu jambo moja tu, kwamba Murdo apumzike.

Ilikuwa jioni ya Desemba, na giza lilikwisha kulalia ziwa lililo kando ya kasri. Wattie, mlinzi mpya, alisimama uani akiita kuelekea minara isiyo na paa, kama ilivyo desturi kabla ya kufunga: “Tunafunga! Aliyebaki atoke!”

“Una sauti ya kifaranga, Wattie,” Ishbel akamtania. “Murdo alikuwa akiamsha hata bata ziwani.”

“Basi ita wewe, shemeji.”

Ishbel akaita. Hakuna aliyejibu. Wakatoka, Wattie akafunga lango kwa ufunguo wa Murdo.

Ndipo wakasikia ndani nyayo zikishuka ngazi za mawe, mguu mmoja ukiburutwa. Ishbel aliujua mguu ule. Miaka yote ya ndoa ndio uliomjia kitandani.

“Umekagua kila chumba?” akanong’ona.

“Vyote, shemeji.”

Lango likatikisika. Chuma kikakwaruza chuma. Wattie akazungusha ufunguo kulifungua, akasukuma kwa bega, lango lisifunguke. Komeo la ndani lilikuwa limefungwa.

Nyuma ya mbao mtu alikuwa akihema. Kisha nyayo zikageuka, zikaanza kupanda ngazi tena, polepole, chumba hadi chumba, kama mtu aliyeingia zamu.